Masale Yaliyohamia Kwenye Kitambaa

Watu wakimuuliza bibi shangazi yangu anafanya kazi gani huko Moshi mjini, bibi hujibu, "Anapaka." Wakimuuliza anapaka nini, hujibu, "Anapaka tu," kisha anahamishia mazungumzo kwenye ng'ombe. Haoni aibu, hapana. Tatizo ni kwamba shangazi hachori mlima, hachori twiga, wala hachori Mmasai aliyesimama kwa mguu mmoja, na hapa Kirua Vunjo mchoraji anayeacha kuchora mlima wakati mlima wenyewe uko nyuma ya choo chao ni mtu wa kuombewa.

Shangazi anachora nakshi. Zamani alikuwa kiwandani, akibuni maua ya vitenge, na nusu ya akina mama wa parokia yetu walikwenda kanisani miaka mingi wamevaa mawazo yake bila kujua. Kisha biashara ikafunguliwa, vitenge vya nje vikaingia kwa marobota, mitumba ikaingia kwa malori, kiwanda kikapunguza watu na yeye akapunguzwa. Anasema siku ile alipewa bahasha, mkono wa meneja na chai isiyo na maziwa. Alilia kwa sababu ya chai.

Sasa amepanga vyumba viwili mjini, na humo anagonga chapa. Anakata bua la mgomba, lile lenye vyumba vidogo ndani kama sega la nyuki, analichovya kwenye rangi na kuligandamiza kwenye amerikani, kitambaa cheupe cha pamba, mara mia tatu. Ana kitambaa kimoja kina duara tupu, duara juu ya duara, kata zile za majani makavu ambazo akina mama huweka kichwani wakibeba ndizi kwenda sokoni. Mzee mmoja alikuja kukiona, akakizunguka, akauliza, "Sasa watu wako wapi?"

"Hiyo ni kata, mzee," shangazi akamwambia. "Chini ya kila kata kuna mtu."

Mzee akainama kidogo, nadhani kuwatafuta.

Kitambaa kingine ni uwanja wa bibi. Bibi akifagia asubuhi hafagii hivi hivi. Anarudi kinyumenyume, ufagio unaacha pinde, upinde ndani ya upinde, kuanzia mlango wa jiko hadi kwenye banda la ng'ombe, na hadi saa tatu kuku na sisi wajukuu tumeshauharibu wote. Shangazi anasema hayo ni maandishi ya mwanamke ambaye hakupelekwa shule. Nilimwambia kama ni hivyo bibi ana shahada tatu, na mimi ndiye ninayezifuta kila nikienda kukojoa. Alinitupia kitambaa cha rangi usoni. Nilikwenda misa ya Jumapili nikiwa na sikio la bluu.

Likizo ya mwezi wa sita ilipoanza, alikuwa na maonyesho mawili mbele yake. Ya kwanza yalikuwa hapo hapo Moshi, Jumamosi ya mwisho ya likizo, kwenye chumba cha juu cha duka la vitambaa. Mwenye duka ni mama wa Kihindi ambaye shangazi amenunua amerikani kwake tangu mimi sijazaliwa, na ndiye aliyesema chumba kile kimejaa maboksi na panya, afadhali kijae kazi ya mwanamke. Ya pili yako Dar es Salaam mwezi wa nane, kwenye ukumbi wa wazungu, ambako nasikia watu hutazama picha huku wameshika glasi na hawapewi chakula cha maana.

Mimi nilidhani Dar ndiyo inayomtetemesha. Kumbe ni bibi. Bibi hakuwahi kuona kazi yake hata moja ikiwa imetundikwa. Aliziona zimekunjwa tu, shangazi akizipitisha nyumbani kwenye mfuko, na aliziita mashuka.

"Nusu ya vitu vilivyomo humu nimeviiba kwake," shangazi aliniambia siku moja tukiosha brashi. "Asipokuja mama Jumamosi ile, basi kweli nitakuwa nimetundika mashuka."

Hakusema kwa utani. Nikaosha tena brashi niliyokuwa nimeshaiosha.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa bado. Kitambaa cha mita sita, mistari ya masale kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwetu isale, mmea ule wa majani marefu, lina kazi mbili. Likiwa ardhini ni mpaka: hapa ni kihamba chako, shamba lako la urithi, pale ni changu, na asiyeona masale haoni kitu. Likichumwa na kufungwa fundo ni msamaha. Umemkosea mtu, unampelekea jani la isale lenye fundo, na yeye hata kama alikuwa ameshanoa panga hana ruhusa ya kukukatalia. Nilimuuliza shangazi kwa nini masale, wakati kuna maua mazuri tu.

"Kaka zangu wote wamepewa vihamba," akasema. "Mimi ni binti, binti hapewi. Basi nataka nipande mpaka wangu mahali ambapo hakuna wa kuniuliza ni wa nani." Kisha akacheka. Sikujua nicheke wapi, kwa hiyo nikacheka mwishoni.

Mimi naishi na bibi, wazazi wangu wako Dodoma kikazi. Shangazi akapanda kuja kwetu Ijumaa, akalala, na asubuhi akaomba majani. Masale yetu yako upande wa mashariki, yanatutenga na mdogo wake marehemu babu, na kila mtu anajua yalipandwa na babu mwenyewe. Bibi akakubali, lakini kwa masharti. "Ya chini, yaliyozeeka. Mawili tu kila shina. Usiliache shina likiwa uchi, na usitumie panga." Akajifunga kanga ya pili akaenda jumuiya.

Shangazi alikuwa anapika mtori wa ndizi jikoni, mtori huwezi kuuacha. Akanipa mimi makasi. "Majani thelathini. Umesikia bibi alivyosema?"

Nilisikia. Ila nilisikia pia honi ya pikapu ya ndizi inayoshuka Himo, na Himo kuna banda la video, na siku ile walikuwa wanaonyesha mkanda wa watu wanaoruka juu ya paa wakipigana. Majani thelathini moja moja kwa makasi ni nusu saa. Nikachukua panga. Nilikata mashina kumi na saba, yote yaliyokuwa yamepanga mstari, pwa, pwa, pwa, nikayaburuta hadi nyuma ya nyumba pamoja na majani yake, nikaruka kwenye pikapu. Nilijiambia shangazi atajichagulia mwenyewe yale anayoyapenda. Nilijiona mtu wa msaada kabisa.

Nilirudi jua likiwa linashuka, natafuna muwa. Bibi alikuwa amesimama palipokuwa na mpaka. Kulikuwa na visiki tu, na ng'ombe wa babu mdogo alikuwa ameingia kwetu anakula majani ya mahindi bila wasiwasi, kwani nani angemwambia?

Shangazi alikuwa kando yake. Aliniona kabla bibi hajaniona. Akasema, "Ni mimi, mama. Nilikuwa na haraka."

Mimi nikauficha muwa nyuma ya mgongo.

Bibi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema, "Kaka zako hawajawahi kunigusia mpaka, na wao wana tamaa. Wewe ambaye nilikuwa nakuonea huruma ndiye umekuja kuufuta." Akamwangalia kidogo. "Huko kwenye mashuka yako siji. Usinitumie gari." Akaenda kumfukuza ng'ombe.

Nilimfuata shangazi nyuma ya nyumba, nikamkuta anafunga yale mashina kwenye gunia. "Kwa nini umesema ni wewe?"

"Wewe unaishi naye. Mimi nimezoea kugombezwa." Akakaza kamba. "Tena ni mimi niliyekupa wewe kazi, na nakujua."

Kwa wiki nzima bibi alifagia mistari iliyonyooka. Hakuna pinde. Mlango hadi banda, banda hadi mlango, kama daftari la darasa la kwanza. Nilikuwa nikiutazama uwanja ule asubuhi naona kama umeninunia. Tulikula, tulisali rozari, aliniuliza habari za masomo ya likizo, nikamdanganya kama kawaida. Shangazi hakutajwa. Nikijaribu kumtaja, bibi alinituma kuni.

Jumanne ya wiki ya pili nilipeleka ndizi mjini. Kitambaa cha mita sita kilikuwa kimetandazwa chumba kizima, na shangazi alikuwa kwa magoti anapaka jani rangi, analilaza, analibiringishia chupa ya soda, analinyanyua. Mstari baada ya mstari, umenyooka kama rula. Ulikuwa mzuri, na yeye alikuwa na macho mekundu.

"Shangazi, mpelekee isale," nikamwambia. "Hawezi kukataa. Si ndiyo sheria?"

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Kwa mdomo naweza kusema nilikata. Isale siwezi kulishika na uongo." Akanyanyua jani, akaiangalia alama yake. "Isale hupelekwa na aliyekosa."

Hakuniangalia aliposema hivyo. Ni kama alikuwa anaiambia chupa.

Nilirudi mlimani nikiwa na mpango, na mpango wangu wa kwanza ulikuwa wa kijinga kwa sababu ni mimi niliyeupanga. Nilichuma jani refu la mahindi, nikalifunga fundo zuri, nikalipeleka kwa bibi kwa mikono miwili huku nimeinamisha kichwa kama mtoto wa komunyo. "Bibi, nimetumwa na shangazi."

Bibi alilitazama. "Hili ni la mahindi."

"Masale yamekwisha, bibi. Si unajua?"

"Peleka kwa ng'ombe," akasema. "Na wewe kaa huko huko naye, mnafanana akili."

Kwa kawaida hapo angecheka. Mimi huwa namchekesha bibi, ndiyo kazi yangu pale nyumbani. Siku ile hakucheka, nami nikaenda kumpa ng'ombe jani lile, na ng'ombe akalila pamoja na fundo.

Sikuwa na mahali pa kupata isale la kweli. Yaliyobaki yako kwenye kaburi la babu, hayo hata mimi sithubutu. Kwa jirani ningepata, lakini ukiomba isale unaulizwa umefanya nini, na ukimjibu jirani yetu Alhamisi, Jumapili hata padri anajua. Nikarudi mjini na ndizi ambazo hakuna aliyeziagiza. Majani yote ya shangazi yalikuwa yameshapakwa, yamekauka na rangi yake. Nilijaribu kufunga fundo moja, likavunjika vipande kama kaukau. Mashina yenyewe yalikuwa kwenye ndoo ya maji pembeni, uchi kabisa. Na chini, majini, yalikuwa yameanza kutoa vinundu vyeupe.

"Shangazi, haya hayajafa!"

"Isale halifi kirahisi," akasema. "Niliyaweka hapo nikitumaini mtu atayaulizia."

Ukutani palikuwa na kipande cha majaribio, amerikani iliyopigwa jani moja moja ili kupima rangi. Nikaomba makasi. Safari hii nilikata taratibu, kuzunguka jani moja la kijani, na alama yake ilikuwa wazi, hadi mishipa. Nikalikunja mfukoni. Shangazi hakuuliza, ila aliniandalia chai, yenye maziwa, na akaniwekea vijiko vitatu vya sukari kama mtu anayesafiri mbali.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta bibi katikati ya uwanja, ananyoosha mistari yake. Nilisimama mahali ambapo alikuwa hajafagia. Nikalifunga fundo lile jani la kitambaa, nikalifunga tena, yakawa mafundo mawili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Toka hapo nifagie."

"Bibi, nimeleta isale."

Akaacha kufagia. Nikalinyoosha. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuchekesha njiani na yote yakanipotea, nikabaki na yale ya kweli. "Ni mimi niliyekata. Shangazi alinipa makasi, nikachukua panga. Nilikuwa nawahi video Himo. Yeye alisema ni yeye kwa sababu ananipenda, na mimi nilinyamaza kwa sababu naogopa. Tafadhali, bibi."

Ufagio ukawekwa chini.

Bibi alikichukua kitambaa, akakigeuza, akaweka kidole gumba juu ya mishipa ya jani. Akakipeleka karibu na pua kana kwamba kitanuka kijani. "Hii ndiyo anayopaka?"

"Ndiyo, bibi. Ni jani lenyewe. Analilaza na kulinyanyua."

"Hili ni la kwangu kweli. Naliona." Akalipapasa fundo. "Isale halikataliwi."

"Hata la kitambaa?"

"Usinijaribu." Lakini alikuwa ameshalifunga kwenye pindo la kanga yake, pale anapofunga hela ya sadaka. Kisha akanipiga kofi moja la kisogoni, la haki kabisa. "Hilo ni la video. Sasa nenda ukalete mashina yangu."

Niliyaleta kwa pikapu ile ile, mashina kumi na saba ndani ya ndoo, na shangazi akaja nayo ameikumbatia kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Yeye na bibi hawakukumbatiana, sisi si watu wa mambo hayo. Bibi alisema, "Umekonda," shangazi akasema, "Shikamoo mama," na bibi akamwekea kiburu, ndizi za maharage, kingi kiasi cha kutosha kamati ya harusi.

Adhabu yangu ilikuwa kupanda. Shangazi akafunga kamba toka kisiki cha kwanza hadi cha mwisho ili mstari unyooke. Nilikuwa nimeshachimba mashimo manne bibi alipokuja na fimbo yake, akaikata ile kamba kwa kisu.

"Mpaka wangu haupiti hapo. Una kona. Hamkuona visiki?"

Kweli, kati ya kisiki cha saba na cha kumi mstari ulitoka nje kidogo, ukajikunja, ukarudi. Nimeishi hapo miaka yote na sikuwahi kuona.

"Babu alikosea?" nikauliza.

"Babu gani?" Bibi akakaa juu ya ndoo. "Babu yako alikuwa Tanga kwenye mkonge, mwaka mzima. Mdogo wake alianza kulima akisogea huku, hatua moja leo, hatua moja kesho. Nikapanda mimi. Nilikuwa na mimba ya huyu." Akaonyesha shangazi kwa fimbo. "Hapo katikati palikuwa na jiwe. Kwa tumbo lile ningelisogezaje? Nikalizunguka. Babu yako aliporudi alikuta mpaka, watu wakasema kapanda yeye, nikaacha waseme. Jiwe lilikuja kuchukuliwa, wakajengea msingi."

Shangazi alikuwa ameshika shina mkononi na udongo umemjaa hadi viwikoni. Akaifuata ile kona kwa macho, kisiki hadi kisiki. Kisha akasema taratibu, "Mama, mimi mistari ya kwangu nimeinyoosha yote."

"Ya wapi?"

"Ya kwenye kitambaa."

"Basi si mpaka wangu," bibi akasema. "Huo ni wa mtu mwingine."

Hivyo ndivyo bibi alivyokwenda Moshi Ijumaa, siku moja kabla ya maonyesho, amevaa kitenge cha Pasaka, si kutazama bali kusahihisha. Alipanda ngazi za duka lile akipumzika kila ngazi ya tatu, mama wa Kihindi akimtangulia na kiti. Juu, kuta nne zilikuwa zimejaa. Bibi alisimama mbele ya uwanja wake mwenyewe, pinde zile zote, mlango wa jiko hadi banda, na hakuna kuku wala mjukuu aliyekuwa amezikanyaga. Alisogea. Nikaona mkono wake wa kulia ukienda na kurudi, kidogo tu, kama ulioshika ufagio.

"Hii haijafutwa," akasema.

"Haifutwi, mama," shangazi akamjibu.

Ile ya mita sita ilishushwa sakafuni. Shangazi alikuwa ameacha nafasi mwishoni, mstari wa mwisho haujapigwa, na bibi alikuwa amemletea jani moja toka kaburini kwa babu, jani la chini, lililozeeka. Shangazi akalipaka rangi. Bibi akapiga magoti, akalilaza mwenyewe, akasogeza kidogo kulia, akalipitishia chupa ya soda. Likapakwa tena, akapiga alama ya pili kando ya ile, imetoka nje ya mstari. Kisha ya tatu, nje zaidi. Alizunguka jiwe ambalo halipo. Alipomaliza, mistari yote mingine ilikuwa imenyooka, huo mmoja ukiwa na tumbo, na viganja vyake vilikuwa kijani kama vya mtu aliyekama jani badala ya ng'ombe.

Siku ya maonyesho alikaa kwenye kiti karibu na kitambaa kile toka saa nne hadi kufunga. Kila aliyeuliza kuhusu ile kona alielezwa habari ya jiwe, na waliouliza mara mbili walielezwa habari ya mimba. Kuna bwana mmoja alisema kama fundi angenyoosha hapo ingependeza zaidi. Bibi alimtazama toka viatu hadi kichwani. "Wewe umewahi kubeba nini?" akamuuliza. Bwana yule akasogea kwenye kata na kukaa huko muda mrefu.

Shule imefunguliwa sasa. Masale kumi na mawili kati ya kumi na saba yameshika na yameanza kutoa majani, na mimi ndiye ninayeyamwagilia kila jioni kabla ya kugusa daftari, adhabu haina tarehe ya mwisho. Uwanja una pinde tena, nami napita pembeni, siku nyingine hata bila kukumbushwa. Juzi shangazi alileta salamu kwamba kwa ajili ya Dar anahitaji majani mengine manne.

"Mwambie aje ayachume mwenyewe," bibi akaniambia. "Aje na makasi. Na siku hiyo wewe utakuwa shuleni."